SOMO LA MIFUGO: Kiangazi kinapolaza ovari za ng'ombe



Somo hili ni juu ya kitu kimoja kinachopotezea wafugaji makuta mingi bila wao kujua: ng'ombe jike anayekaa miezi na miezi bila kutaka dume. Kiangazi kinapofika mwisho, tunasikia neno lile lile kwenye mikutano: "Huyu ngombe iko tasa, tumuuze." Basi anapelekwa sokoni akiwa mifupa mitupu, siku ambazo wafugaji wengine nao wanauza na bei iko chini. Mara nyingi ovari za jike kama huyo hazikufa, zililala tu. Mwezi mmoja au miwili ya majani mazuri ingemwamsha. Tena kuko wanaofika kwa mchinjaji wakiwa na mimba tayari, sababu hakuna aliyewapima.

Tukimaliza somo hili, kila mwanamemba aweze:

- kueleza kwa nini jike anaacha kuonyesha joto wakati wa kiangazi;
- kuhesabu mwezi mzuri wa kupandisha ng'ombe katika eneo lake;
- kutofautisha jike aliyelala na jike ambaye joto lake halikuonwa;
- kupanga akiba ya majani kabla kiangazi hakijaanza.

1. Ovari inafanya kazi gani?

Ng'ombe jike ana ovari mbili, moja kila upande, ndani ya tumbo karibu na mfuko wa uzazi. Ndimo mayai yanamokaa. Jike mwenye afya, aliyekula vizuri na asiye na mimba, huivisha yai moja kila siku 21 hivi. Wengine ni siku 18, wengine 24, yote ni sawa. Yai linapokaribia kutoka, jike anaingia joto: anapiga kelele, anatembea sana, anapanda wenzake, na alama kubwa kuliko zote, anasimama kimya akipandwa na mwenzake. Kwa nyuma unaona ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai la kuku.

Joto hilo halidumu. Kwa kawaida linamalizika kati ya saa 12 na 18, na kwa ng'ombe wetu wa kienyeji linaweza kuwa fupi zaidi, tena mara nyingi linakuja usiku. Likipita bila dume, tunangoja siku 21 nyingine.

Ovari haijiamrishi yenyewe. Amri inatoka kwenye ubongo. Ubongo unatuma ndani ya damu ujumbe unaoitwa homoni, na ovari inapoupokea inaivisha yai na kulitoa. Ubongo nao kabla ya kutuma ujumbe ni kama unaulizia hali: mwili una akiba ya mafuta? Chakula kinatosha? Kuko ndama anayenyonya mchana kutwa? Majibu yakiwa mabaya, ujumbe unakuwa dhaifu. Vimbegu vya mayai vinaanza kukua, vinafika nusu njia, vinakufa, vingine vinaanza tena. Hakuna yai linalotoka, na joto halionekani. Hapo tunasema ovari zimelala. Mwili unajilinda: mama mwenye njaa anakataa kuongeza mzigo wa mimba.

2. Nyati wa maji wa nchi za mbali

Wengine wanatuuliza: "Kama majira yanabadilisha uzazi, ni jua au ni majani?" Ili kujibu, tuangalie kwanza mnyama mmoja ambaye wataalamu wamemchunguza sana juu ya jambo hili: nyati wa maji. Huyu si mbogo wetu wa Virunga na wa Garamba. Mbogo ni mnyama wa pori wa jamii nyingine kabisa, hafugwi. Nyati wa maji anafugwa India, Pakistan, Misri, Italia na nchi nyingine, kwa maziwa, kwa nyama na kwa kulima.

Nyati wa maji akikaa mbali na mstari wa ikweta, ovari zake hufuata urefu wa mchana. Usiku unapokuwa mrefu, kitezi kidogo ndani ya ubongo kinatoa homoni ya giza inayoitwa melatonini kwa saa nyingi zaidi, na kwa nyati hiyo ni ishara ya kuanza kazi ya uzazi. Kwa hiyo India na Pakistan nyati wengi wanapandwa majira ya baridi, siku zinapokuwa fupi. Wakati wa joto kali na mchana mrefu, wengi wananyamaza. Hata wale ambao ovari zao zinafanya kazi, joto lao linakuwa la siri: hawapigi kelele, hawapandi wenzao, mfugaji haoni kitu. Tena nyati hatoi jasho vizuri na ngozi yake nyeusi inashika jua. Ndiyo maana anapenda kulala ndani ya maji na matope. Asipopata kivuli wala maji, uzazi wake unashuka zaidi.

Kule Italia, maziwa ya nyati yanatengenezwa jibini inayoitwa mozzarella. Watu wanaitaka sana majira ya joto, lakini nyati akiachwa afuate mwili wake anazaa zaidi kuelekea mwisho wa mwaka. Wafugaji wa kule walifanya hesabu. Nyati anabeba mimba siku 310 hivi, karibu miezi 10. Wakaanza kutoa madume kundini majira ambayo majike wanapenda kupandwa, na kuyarudisha baadaye, ili ndama wazaliwe wakati soko linahitaji maziwa. Kazi hiyo haikuwa rahisi, sababu walikwenda kinyume na mwili wa mnyama: wengine hawashiki mimba, wengine mimba inatoka mapema. Waliweza kuendelea kwa sababu walitunza chakula na waliandika tarehe.

Nyati wale wale wakifugwa karibu na ikweta, na wakila vizuri, wanaweza kupandwa mwezi wowote wa mwaka. Hapo jambo la mwanga linapungua nguvu, na jambo la majani linakuwa kubwa.

3. Kwetu ni majani, si mwanga

Sisi tunakaa karibu na ikweta. Pale Bukavu, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki nusu saa. Pale Lubumbashi inapita saa moja kidogo. Kwa nchi kama Italia ya kusini ni karibu saa 6. Tena ng'ombe hafuati mwanga kwa nguvu sawa na nyati. Kwa hiyo mfugaji wa Kivu, Ituri au Katanga asitafute sababu kwenye jua linavyochomoza na kuzama. Aangalie kwenye malisho.

Kiangazi kikianza, majani yanakomaa na kukauka. Yanabaki nyuzi nyingi na protini kidogo. Jike anaweza kujaza tumbo na bado akakosa nguvu, sababu majani makavu ya hivyo yanakaa muda mrefu tumboni na kumpa kidogo. Maji nayo yanakuwa mbali. Jike anayehitaji litre 30 mpaka 50 kwa siku anakunywa mara moja tu, na mnyama asiyekunywa vya kutosha hali vya kutosha. Kama pale pale ana ndama mdogo anayenyonya, anachota kwenye mafuta ya mwili wake ili kutoa maziwa. Anakonda, na ujumbe wa ubongo kwa ovari unapungua.

Ili kujua hali ya jike, wataalamu wanatumia alama 1 mpaka 5. Alama 1 ni mifupa mitupu, alama 5 ni mnyama aliyenona kupita kiasi. Simama nyuma na kando ya mnyama, weka mkono kwenye mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga:

- Alama 1 au 2: mbavu zote unaziona kwa mbali, nyonga zimechongoka, kando ya mkia kuko shimo kubwa. Usitegemee joto hapa.
- Alama 3: mbavu unazihisi kwa mkono lakini huzioni zote. Hii ndiyo tunataka siku ya kuzaa.
- Alama 4 au 5: mafuta mingi kwenye mkia. Kwetu ni mara chache, lakini jike wa namna hii anaweza kupata shida ya kuzaa.

4. Hesabu ya majike wawili

Tuchukue mfano wa Kivu ya Kusini, ambako kiangazi kikubwa ni mwezi wa 6 mpaka wa 8, na mvua inarudi mwezi wa 9. Mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi.

Jike wa kwanza anazaa tarehe 11 mwezi wa 10. Majani mabichi yako tele. Ananyonyesha bila kukonda sana, na karibu siku 60 baada ya kuzaa joto linarudi. Anapandwa na kushika mimba tarehe 5 mwezi wa 1. Atazaa tena karibu tarehe 15 mwezi wa 10. Kati ya ndama na ndama ni miezi 12.

Jike wa pili anazaa tarehe 15 mwezi wa 6, kiangazi kimeanza. Anatoa maziwa akiwa na njaa. Mwezi wa 8 ni mifupa. Mvua inarudi, majani yanaota, lakini kwanza anarudisha mwili wake. Joto linaonekana mwezi wa 12 na anashika mimba tarehe 15. Atazaa karibu tarehe 24 mwezi wa 9 wa mwaka unaofuata. Kati ya ndama na ndama ni miezi 15 na zaidi. Tena huu ni mfano wa jike aliyeamka vizuri. Wengine wanafika miezi 18 au 20.

Sasa tuhesabu kwa miaka 5, yaani miezi 60. Jike wa ndama kila miezi 12 anatoa ndama 5. Wa miezi 15 anatoa 4. Wa miezi 20 anatoa 3. Kwa jike yule yule, zizi lile lile na mchungaji yule yule, ndama wawili wamepotea. Kila mmoja ajiulize: ndama wawili ni minerval ya watoto kwa miaka mingapi?

5. Kuchagua mwezi wa kupandisha

Kanuni ni hii: tunataka jike azae majani mapya yanapoanza kutosha, ili miezi ya kunyonyesha na ya kurudi joto iangukie kwenye chakula. Ukijua mwezi huo, rudi nyuma miezi 9 na siku kidogo.

- Kivu ya Kusini: kuzaa mwezi wa 10 au wa 11, kupandisha mwezi wa 1 au wa 2.
- Katanga ya Juu, ambako kipwa kinaanza mwezi wa 5 na mvua zinakuja kutosha mwezi wa 11: kupandwa tarehe 10 mwezi wa 2 kunaleta ndama karibu tarehe 20 mwezi wa 11.
- Ituri, ambako ukame mkubwa ni mwezi wa 12 mpaka wa 2: kuzaa mwanzo wa mwezi wa 4, kupandisha karibu tarehe 22 mwezi wa 6.

Wa Kivu ya Kaskazini wanapata mvua mara mbili kwa mwaka, na kila mlima una tabia yake. Kundi likae pamoja na wazee wanaojua malisho, walete kalenda yao wenyewe.

Mtu anaweza kusema: "Mi nauza maziwa, na kiangazi ndipo bei inapanda. Nataka jike azae kiangazi." Si vibaya. Ni njia ya wale Waitalia. Lakini anayechagua njia hiyo lazima awe na chakula ghalani kabla ndama hajazaliwa. Asiyekuwa na akiba, bei nzuri ya maziwa ya miezi mitatu itamlipisha miezi sita ya jike kulala.

6. Akiba ya kiangazi

Ng'ombe wa kilo 300 anakula karibu kilo 8 za chakula kwa siku, ukihesabu kama kimekauka. Hatuwezi kumwekea yote. Lakini kilo 2 za majani makavu mazuri kila jioni, juu ya kile anachookota malishoni, zinabadilisha mambo. Kwa siku 90 ni kilo 180 kwa jike mmoja. Mwenye majike wawili anahitaji kilo 360. Hiyo inawezekana tukianza mapema.

Majani makavu. Kata majani yanapoanza kutoa maua, usingoje yakomae. Yaanike siku mbili au tatu, yageuze, yasinyeshewe. Yakikauka na bado yana rangi ya kijani, yaweke mahali penye paa, juu ya miti, yasiguse udongo.

Majani ya shimo, yaani silaji. Majani ya tembo ya urefu wa metre moja na nusu hivi, au mahindi ya maziwa, yakatwe vipande vya vidole viwili, yashindiliwe kwa miguu ndani ya shimo lenye plastiki mpaka hewa iishe, yafunikwe na udongo. Baada ya mwezi mmoja yako tayari. Shimo likiingiza hewa au maji, yote yanaoza. Kazi ya kushindilia isifanywe nusu.

Miti ya majani. Kaliandra, lesena na sesbania zikipandwa kwenye mipaka ya shamba na kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko, zinabaki kijani wakati nyasi zimekauka, na zina protini nyingi. Fungu moja kwa siku linatosha kuongeza. Lesena isiwe chakula peke yake.

Mabaki ya shamba. Mabua ya maharagwe, majani ya viazi vitamu na mabua ya mahindi tusiyachome. Shina la mgomba ni maji mengi. Linasaidia kiu, halimjengi mnyama.

Mbele ya kiangazi, mpatie jike dawa ya minyoo kwa shauri la munganga wa mifugo, na mwekee chumvi ya madini siku zote. Ndama wa zaidi ya miezi miwili asishinde na mama mchana kutwa. Anyonye asubuhi na jioni. Hiyo peke yake inasaidia ovari kuamka, sababu kunyonywa muda wote kunazuia ujumbe wa ubongo. Lakini ndama huyo apewe majani laini na maji, asidhulumiwe.

Kama akiba ni ndogo, usigawe sawa kwa wote. Waanze majike wanaonyonyesha na wale walio katika miezi miwili ya mwisho ya mimba. Dume aliyekonda naye asisahauliwe: mbegu zake zinachukua karibu miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo anaanza kulishwa vizuri miezi miwili kabla ya kazi.

7. Amelala, au hatukumwona?

Kabla ya kusema jike amelala, tujipime sisi. Joto la saa 12 usiku litapita bila mtu kujua. Angalia kundi mara tatu kwa siku, dakika 20 kila mara: alfajiri kabla hawajatoka, saa za jioni, na usiku kabla ya kulala. Andika ndani ya kaye: jina la jike, siku aliyozaa, siku ya joto, siku ya kupandwa, dume gani. Aliyeonekana na joto asubuhi, apandwe au atiwe mbegu jioni. Aliyeonekana jioni, asubuhi yake. Siku 18 mpaka 24 baadaye mwangalie tena. Akirudi joto, hakushika.

Jike aliyezaa siku 90 zilizopita bila joto lolote kwenye kaye, mwite munganga wa mifugo ampime kwa mkono. Ataeleza kama ana mimba, kama ovari zimelala, au kama kuko ugonjwa.

Tuonye pia juu ya sindano za "kuleta joto" zinazotembezwa kwenye soko. Moja inayotumika sana, prostaglandini, inafanya kazi tu kwa jike ambaye ovari zake zinafanya kazi tayari. Kwa ovari zilizolala haileti kitu. Kwa jike mwenye mimba inaweza kutoa mimba. Tena mwanamke mwenye mimba asiishike kabisa dawa hiyo. Bila kupimwa, hakuna sindano.

8. Si kila kosa ni la kiangazi

Jike amenona, majani yako, na bado hashiki? Au mimba zinatoka katika miezi ya mwisho, kwa majike zaidi ya mmoja? Hapo fikiria magonjwa, zaidi ya yote bruselozi, ambayo inashika pia watu. Usiguse mimba iliyotoka wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Zika vyote chini sana, tenga yule jike, chemsha maziwa ya kundi lote, na uite munganga. Ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o unakondesha jike na kutoa mimba vilevile. Majani peke yake hayaponyeshi haya.

Kazi ya kundi mpaka mkutano unaokuja

1. Kila mwanamemba aandike tarehe mbili za mwisho za kuzaa kwa kila jike wake, ahesabu miezi katikati.
2. Kundi lichore kalenda ya majani ya eneo letu: miezi ya tele, miezi ya kidogo, miezi ya njaa.
3. Kila mmoja ahesabu kilo za akiba anazohitaji (kilo 180 mara majike wa kunyonyesha) na aonyeshe kipande cha shamba au mpaka atakapozipata.

Maswali ya kujadili

- Katika kundi letu, ni majike wangapi waliuzwa mwaka uliopita kwa jina la "tasa"? Wangapi walipimwa kwanza?
- Kwa nini jike aliyezaa mwezi wa 10 anarudi joto mapema kuliko aliyezaa mwezi wa 6?
- Je, koperative inaweza kuchimba shimo moja kubwa la silaji kwa familia tano? Nani atatoa nini: majani, plastiki, mikono?

Mleteni kaye zenu kwenye mkutano. Tutapitia tarehe jike kwa jike, na wale waliopita siku 90 tutawaandika kwenye orodha moja ili munganga wa mifugo akija siku moja awapime wote pamoja, gharama tugawane.